Kurudisha nyumbani ndege ya kale ya jeshi la majini ili iruke tena: maswali tunayoulizwa Mbeya

Kila tunapozungumzia ndege za kale mbele ya wanafunzi wa ufundi, iwe Mbeya mjini, Makambako au Iringa, maswali huwa yale yale. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni kabisa. Yamepewa namba ili ukielekezwa kwenye swali jingine usipotee.

## Mambo ya msingi

1. Ni kweli kuna ndege ya kivita ya zamani inaletwa uwanja wa ndege wa Songwe?

Hapana. Uvumi huo hurudi kila mwaka. Sisi ni wapenzi wa ndege tu, hatuna ndege wala fedha za kuinunua. Tunachokijua ni jinsi wenzetu wa Uingereza, Marekani na kwingineko wanavyoifanya kazi hiyo, na tumejaribu kupima ingekuwaje kama ingefanyika huku kwenye nyanda za juu.

2. Ndege ya jeshi la majini si ile inayotua juu ya maji?

Zipo zinazotua majini, zenye maboya badala ya magurudumu. Ila nyingi zinazozungumziwa hapa ni za kutua juu ya sitaha ya meli ya kubebea ndege. Utazitambua kwa mambo matatu: mabawa yanakunjwa ili zienee ndani ya meli, mkiani kuna ndoano ya kunasa waya wakati wa kutua, na miguu ya magurudumu ni minene kuliko ya ndege za kawaida kwa sababu kutua melini ni kujibamiza.

Tatu tutakazozitaja sana ni Fairey Swordfish ya Uingereza, yenye mabawa ya ghorofa mbili, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1934. Vought Corsair ya Marekani, ya mwaka 1940, yenye mabawa yaliyopinda. Na Hawker Sea Fury, ndege ya mwisho ya kivita ya injini ya pistoni katika jeshi la majini la Uingereza.

3. Kwa nini zirushwe? Si zikae makumbusho tu?

Nyingine zikae. Jumba la makumbusho la Yeovilton, Uingereza, lina Corsair yenye namba KD431 ambayo wataalamu waliikwangua rangi ya miaka ya baadaye kidogo kidogo mpaka wakafikia rangi ya wakati wa vita. Kuirusha ndege hiyo kungekuwa kuiharibu. Lakini mlio wa injini ya silinda 18 huwezi kuuweka kwenye kabati la kioo, na fundi hajui kweli injini inavyofanya kazi mpaka aiwashe. Tunaona zote mbili zina haki yake, mradi ndege yenye vipande vingi vya asili isiwe ndiyo ya kuchezewa.

4. “Nyumbani” kwa ndege ni wapi hasa?

Hili ndilo swali linalozua ubishi kuliko yote. Chukua Swordfish W5856. Ilitengenezwa na kampuni ya Blackburn huko Sherburn-in-Elmet, kaskazini mwa Uingereza, ikaruka mara ya kwanza tarehe 21 Oktoba 1941. Ikatumika Bahari ya Kati, kisha ikapelekwa Kanada kwa mafunzo. Vita vilipokwisha ikaishia shambani kwa mkulima mmoja wa Ontario aliyekuwa akikusanya ndege chakavu. Ikauzwa, ikapitia Alabama, Marekani, na mwaka 1977 ikafika Scotland kwenye mkusanyiko wa Strathallan. Ilijengwa upya na kampuni ya British Aerospace huko Brough, ikakabidhiwa mwaka 1993. Hapo hakuna wa kubisha: imerudi nyumbani.

Sasa chukua Corsair za Honduras. Zilitengenezwa Marekani, lakini tarehe 17 Julai 1969, katika vita vifupi na El Salvador, rubani wa Honduras akiwa kwenye Corsair aliangusha ndege tatu kwa siku moja. Baadaye nyingi za Honduras zilinunuliwa zikarudi Marekani kurushwa. Ile namba 609 iliyofanya kazi siku hiyo imebaki Tegucigalpa kwenye makumbusho. Mwambie mtu wa Honduras kuwa nyumbani kwake ni kiwandani Marekani uone atakavyokujibu.

Msimamo wetu: nyumbani ni pale penye watu wenye sababu ya kuitunza na mikono ya kuitunzia. Mahali ilipotengenezwa ni hoja mojawapo tu, na mara nyingi si ile nzito.

5. Sisi huku bara, mbali na bahari, tunahusikaje na ndege za jeshi la majini?

Zaidi ya unavyodhani. Ndege za kwanza za kivita kuonekana katika nchi hii kwa wingi zilikuwa za majini. Mwishoni mwa 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye delta ya Rufiji, na Waingereza wakashindwa kuiona kwa sababu ya mikoko. Wakaleta boti-ndege ya Curtiss kutoka Durban. Mwaka 1915 zikafuata ndege za Sopwith na za Short, na baadaye Farman na Caudron zilizorukia kisiwani Mafia. Kazi yao ilikuwa kuwaonyesha wapiga mizinga wa meli za Severn na Mersey risasi zinaangukia wapi. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaishia pale pale. Zile Sopwith joto na unyevu viliziadhibu: zilishindwa kupaa zikiwa na mzigo. Kumbuka hilo ukifika swali la 19.

Mwaka 1916 Wabelgiji walitumia ndege za majini aina ya Short 827 kupiga Kigoma wakitokea ng’ambo ya Ziwa Tanganyika. Na Novemba 1917 jeshi la majini la Ujerumani lilituma puto kubwa la injini, L59, kutoka Bulgaria likiwa na shehena ya kumletea Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani huku. Lilifika hadi Sudan, likaamriwa kurudi. Safari nzima ilichukua saa 95 na kilomita 6,757 bila kutua. Lingefika, wazee wa kusini wangekuwa na hadithi nyingine kabisa.

Mbeya yenyewe ilikuwa kituo cha kimataifa kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilipofungua njia ya London hadi Cape Town, ndege zilitua Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika. Mwaka 1937 abiria na barua wakahamishiwa kwenye boti-ndege zilizopita pwani, na Mbeya ikasahaulika.

## Kuipata, na karatasi zake

6. Nikitaka kuanza, nianzie wapi?

Anza na karatasi. Bati linaweza kukatwa jipya, mhimili unaweza kuchongwa upya, lakini historia isiyo na maandishi haichongeki. Unatafuta namba ya kiwanda, namba ya jeshi, hati ya kuuzwa kutoka serikalini kwenda kwa raia, na kila hati ya mauzo iliyofuata bila pengo katikati. Pengo moja linaweza kumleta mdai miaka kumi baadaye, ukiwa umeshaweka injini.

Cha pili ni michoro ya kiwandani. Bila michoro, kila kipande kinabidi kipimwe kutoka kwenye kile kilichooza, na mamlaka za anga hazipendi vipimo vilivyochukuliwa kwenye kitu kilichooza. Injini ni ya tatu. Wanunuzi wengi huigeuza orodha hii juu chini kwa sababu injini ndiyo inayopendeza kupiga nayo picha.

7. Ikibadilishwa nusu ya bati lake, bado ni ndege ile ile?

Fikiria MV Liemba. Ilikuwa Graf von Götzen ya Wajerumani. Ilizamishwa na wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa 1924, ikaanza kazi kwa jina jipya 1927, baadaye injini za mvuke zikatolewa zikawekwa za dizeli. Hakuna abiria wa Kasanga anayesema si meli ile.

Kwenye ndege kinachobeba utambulisho kisheria ni mfululizo wa karatasi pamoja na kibati cha namba kilichopigwa kiwandani. Ndiyo maana vibati hivyo huuzwa ghali, na ndiyo maana kuna ndege “za kale” ambazo cha kale ndani yake ni kibati na makorokoro machache. Si kosa, alimradi muuzaji aseme. Ukiona mtu anauza ndege iliyojengwa upya kwa asilimia kubwa huku akiiita “ya asili kabisa”, funga pochi.

8. Ndege iliyozama ziwani inaweza kufufuliwa?

Inategemea maji. Wakati wa Vita vya Pili jeshi la majini la Marekani liliwafundisha marubani kutua melini katika Ziwa Michigan, kwa kutumia meli mbili, Wolverine na Sable. Zaidi ya ndege 100 zilizama. Maji yale ni baridi na hayana chumvi, hivyo nyingi zilipoibuliwa zilikuwa na rangi bado. Moja, mshambuliaji aina ya Dauntless namba 2106, ilikuwa imepigana vita vya Midway, bahari ya Pasifiki, mwaka 1942 kabla ya kupelekwa mafunzoni. Iliibuliwa 1994 na sasa iko makumbusho ya Pensacola, Florida.

Chumvi ya baharini ni habari nyingine: ndege inayotoka huko kwa kawaida ni ya kuonyeshwa, au ya kutoa vipande vya kunakili. Na kabla hujaota kuzamia popote, jua kuwa jeshi la majini la Marekani halipotezi umiliki wa ndege yake kwa sababu imezama. Sheria ya mwaka 2004 inasema wazi. Ukiibeba kimya kimya umeiba.

9. Nchi inayouza inaweza kunizuia nisiitoe?

Inaweza. Uingereza hudai leseni ya kutoa nje vitu vya kihistoria vilivyozidi miaka 50 na thamani fulani. Marekani huangalia zaidi kama ndege bado inahesabika kuwa silaha: bunduki zimetolewa au zimeharibiwa? Vifaa vya mabomu je? Leseni iombwe kabla ya kulipa pesa ya mwisho.

## Safari ya kupanda huku juu

10. Inaingia kwenye kontena?

Swordfish, kwa kujibana. Urefu wake ni mita 10.87, na kontena la futi 40 lina karibu mita 12 kwa ndani. Mabawa yana upana wa mita 13.87 yakinyooshwa, kwa hiyo yanafunguliwa yote na kupakiwa peke yake. Tatizo kubwa ni mlango wa kontena, ambao upana wake haufiki mita 2.4.

Corsair ni kichwa kingine cha kuuma. Kipande cha katikati cha mabawa yake kimeungana na kiwiliwili, na hata mabawa yakikunjwa bado ina upana wa zaidi ya mita 5. Hiyo inasafiri kwenye jukwaa la wazi lisilo na paa wala kuta, ikiwa imefunikwa kwa plastiki ya kubana isiyopitisha hewa ya chumvi.

Mbao za kufungia mzigo ziwe zimechomwa joto na kupigwa muhuri wa kimataifa, vinginevyo mzigo unakwama bandarini kwa ajili ya wadudu wa mbao.

11. Kutoka Dar es Salaam, barabara au TAZARA?

Kama imo ndani ya kontena, zote zinawezekana. Barabara ni karibu kilomita 830 na ina Kitonga. Dereva wa lori anayeijua Kitonga hahitaji maelezo: kona, mlima, na magari yaliyokufa breki. Mzigo wa mamilioni usiojazwa sawasawa ndani ya kontena utafika Ilula ukiwa umehama. TAZARA ni taratibu na haitikisiki kwa namna ile.

Kama ni jukwaa la wazi lenye upana wa mita 5, reli sahau, kwa sababu ya mahandaki kati ya Mlimba na Makambako. Barabarani utahitaji kibali cha mzigo usio wa kawaida kutoka TANROADS, gari la kutangulia, na kupita Kitonga kwa muda uliopangwa. Kwa maoni yetu huo ni wazimu. Ndege ya namna hiyo iunganishwe pwani, iruke yenyewe.

12. Ushuru je?

Mpe wakala wa forodha karatasi zote mapema, kabla meli haijang’oa nanga, na umuulize juu ya uingizaji wa muda kama ndege inakuja kwa maonyesho na kuondoka. Usikubali iandikwe “vyuma chakavu” ili kupunguza kodi. Siku utakapoomba kuisajili kama ndege, karatasi hiyo itakusuta.

## Karakana

13. Kwa nini za jeshi la majini zinasumbua kuliko za jeshi la anga?

Chumvi, kwanza. Ndege iliyoishi melini imevuta hewa ya bahari kwenye kila kiungo. Alumini ikishambuliwa ndani hufunguka matabaka, huku juu rangi ikiwa safi. Vipande vya magnesiamu, ambavyo waundaji wa zamani walivipenda kwa wepesi, hugeuka unga. Ile Swordfish W5856 ya swali la 4 ilisimamishwa mwaka 2003 kwa sababu ya kutu kwenye mihimili ya mabawa, miaka kumi tu baada ya ukarabati mkubwa. Ilibidi itengenezewe mabawa mengine, na haikurudi angani mpaka 2015.

Kisha kuna kukunja. Kila bawa linalokunjwa lina bawaba, pini, komeo na mabomba ya mafuta yanayopita kwenye kiungo kinachocheza. Pini ya bawaba ikiwa imeliwa hata kidogo, inatupwa. Hakuna cha “itashika tu”.

Hapa ndipo nyanda za juu zina kitu cha kujivunia. Hewa ya Mbeya na Iringa ni kavu na baridi kuliko ya pwani, na ndege iliyofunikwa vizuri hapa itadumu kuliko iliyo kwenye banda la bei mbaya Dar es Salaam. Tukuyu tunaiacha, mvua ile hapana.

14. Fundi bodi wa Mwanjelwa anaweza kugonga bati la ndege?

Mikono anayo. Tumewaona watu wanaonyoosha mlango wa Fuso mpaka unasahau uligongwa, na kazi ya kulifinyanga bati kwenye umbo la mbao ni ile ile. Anachokosa ni mambo mawili.

La kwanza ni utaratibu wa ribiti. Baadhi ya ribiti za alumini hupashwa joto, zikapozwa ghafla, kisha zikahifadhiwa kwenye friza, kwa sababu zikiachwa nje zinakuwa ngumu na zinapasuka zikigongwa. Mmoja anagonga kwa bunduki ya upepo, mwingine anashika chuma upande wa pili, na wakikosana sekunde moja tundu linaharibika.

La pili ni karatasi, tena. Bati liwe na cheti kinachoonyesha limetoka kiwanda gani na lina mchanganyiko gani. Kazi ikaguliwe na kusainiwa na mhandisi mwenye leseni. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege. Fundi bodi mzuri akisimamiwa na mhitimu wa pale ni timu ambayo tungeiamini.

15. Injini inapatikana wapi?

Swordfish hutumia Bristol Pegasus ya silinda 9, na hiyo iliwahi kutumika pia kwenye ndege za Sunderland na Wellington, kwa hiyo vipuri vilitawanyika duniani. Corsair ina Pratt & Whitney R-2800, silinda 18, na kwa kuwa ilitumika hata kwenye ndege za mizigo baada ya vita, ndiyo rahisi kuliko zote. Sea Fury ina Bristol Centaurus, silinda 18 pia, isiyo na vali za kawaida: kila silinda ina bomba la chuma, kama mkono wa shati, linaloteleza na kuzunguka ndani yake. Ni ufundi wa ajabu, na mafundi wanaouelewa ni wachache mno. Ndiyo maana wamiliki kadhaa wa Marekani waliing’oa wakaweka injini ya Kimarekani.

Jambo moja kwa wanaopenda kuwasha: injini za mviringo, zenye silinda zilizopangwa duara, huvujisha mafuta kwenye silinda za chini zikilala. Zungusha pangaboi kwa mkono kwanza. Ukiwasha papara, mafuta hayabanwi. Kinachopinda ni chuma.

16. Ni kweli Swordfish ni ya kitambaa?

Kiunzi ni cha chuma, ngozi kwa sehemu kubwa ni kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Jua la milimani ndilo adui, kwa hiyo banda ni lazima.

17. Inachukua muda gani?

Maelfu mengi ya saa za kazi, kwa kawaida miaka, mara nyingi zaidi ya kumi kama fedha inakuja kwa matone. Anayekuahidi miaka miwili anakuuzia kitu.

18. Kuna sumu humo ndani?

Ndiyo, na watu hulisahau. Saa na mita za zamani zilipakwa rangi yenye radiamu, madini ya mionzi, ili zing’ae usiku. Mng’ao umekufa lakini mionzi ipo. Usizifungue, usizikwangue, usimpe mtoto achezee. Viungio vya joto huweza kuwa na asbesto.

## Kuruka

19. Mwinuko wa Songwe unaleta shida?

Unaleta, na hapa ndipo ndoto nyingi zinapogota. Songwe iko karibu mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye nyuzi joto 26, hewa yake ni nyepesi kana kwamba uko zaidi ya mita 2,000. Bawa linashika kidogo, pangaboi linavuta kidogo, injini inapumua kidogo. Sea Fury yenye nguvu za farasi zaidi ya 2,400 itakasirika kidogo tu. Swordfish yenye kama 690, ikiwa na watu watatu na tangi limejaa, itakula njia ndefu kabla ya kunyanyuka, na kisha itapanda polepole ikiwa na milima mbele.

Kinachosaidia ni njia ya kurukia ya Songwe, inayozidi kilomita 3. Uwanja wa zamani wa mjini uko juu zaidi, mita 1,700 na ushei, na ni mfupi. Pale tusingejaribu. Ruka asubuhi, kukiwa baridi, ila usubiri ukungu uondoke; abiria wa Songwe wanaujua ukungu huo.

20. Itapata cheti cha kawaida cha kuruka?

Karibu haiwezekani. Cheti cha kawaida kinataka mtengenezaji anayesimamia muundo, na viwanda hivyo vingi vilishakufa au kujivua jukumu. Kwa hiyo nchi hutoa kibali maalumu: hakuna abiria wa kulipa, maeneo na hali ya hewa vimewekewa mipaka.

Ubaya wake ni huu. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unazifanya nchi zitambue vyeti vya kawaida vya wenzao, si vibali maalumu. Ndege yenye kibali cha Uingereza inapotaka kuruka kuja hapa inaomba ruhusa kwa kila nchi iliyo njiani, moja moja. Huku mwombwaji ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na kama itasajiliwa hapa itabeba alama za 5H. Kaonane nao kabla ya kununua, na ukajibiwe kwa maandishi.

21. Mafuta yake yapo Mbeya?

Ndege kubwa zinazotua Songwe zinatumia mafuta ya jeti, ya jamii ya mafuta ya taa. Injini ya pistoni inataka petroli ya ndege, na hiyo katika nchi yetu ni ya kutafuta. Utaileta kwa mapipa, ukiipangia wiki kadhaa kabla. Ukimwona mtu anataka kuchanganya na petroli ya sheli, mnyang’anye funguo.

22. Swordfish ingeweza kuruka Dar es Salaam hadi Songwe bila kutua?

Kwenye karatasi, labda: ni karibu kilomita 700, na ndege ina uwezo wa zaidi ya 800. Kwa akili timamu, hapana, kwa sababu unahitaji akiba ya mafuta na upepo wa mbele haukuulizi. Ungetua Nduli, Iringa, baada ya kama kilomita 400, ujaze, kisha 300 zilizobaki. Mwendo wake ni kilomita 160 na kitu kwa saa.

23. Rubani wa ndege za abiria anaweza kuirusha?

Si moja kwa moja. Gurudumu liko mkiani, pua imeziba mbele, na pangaboi kubwa huivuta ndege pembeni ukiongeza moto ghafla. Hufundishwa hatua kwa hatua, kutoka ndege ndogo ya gurudumu la mkia kwenda juu.

## Maswali ya pembeni

24. Babu alisema kuna ndege ya Mjerumani imefukiwa na mali. Tuchimbe?

Msichimbe. Koloni la Ujerumani lilikuwa na ndege moja tu inayojulikana kutumika vitani, ya mabawa mawili, iliyoletwa Dar es Salaam mwaka 1914 kwa ajili ya maonyesho kabla vita havijaanza. Hizi habari za “mali ya Mjerumani” zimewafukarisha watu wengi wa nyanda za juu kwa mashimo, waganga na madalali, na ndege ni toleo jipya la hadithi ile ile.

25. Na ndege za jeti za majini je?

Zinawezekana, kwa gharama ya kutisha. Mfano ni Sea Vixen XP924, iliyokuwa ya mwisho ya aina yake inayoruka. Tarehe 27 Mei 2017 mfumo wake wa hidroliki ulikufa, rubani akaitua kwa tumbo Yeovilton, akatoka mzima. Ndege haikuruka tena. Jeti pia ina viti vya kurusha rubani, vyenye baruti yenye tarehe ya kuisha. Kama bado hujasoma swali la 20, lisome. Kwa jeti masharti ni makali zaidi.

26. Injini ikizima angani basi tena?

Si lazima. Julai 31, 2014, Sea Fury ya viti viwili ilipoteza nguvu katika maonyesho ya Culdrose, Uingereza, mbele ya umati. Rubani alifika kwenye njia, miguu ikakunjika, akashuka salama, na ndege ikatengenezwa ikaruka tena. Ila usome vizuri: huyo alikuwa na mwinuko wa kutosha, uwanja chini yake na mazoezi mengi. Kwenye bonde kati ya Makambako na Mbeya ungekuwa na mashamba ya mahindi na nguzo za umeme.

27. Nimekuta mabaki ya ndege mlimani. Nifanye nini?

Usiguse, usikate, usiuze kwa wa vyuma chakavu hata kama amekuja na mizani. Inaweza kuwa na risasi au bomu hai, na inaweza kuwa kaburi la mtu. Piga picha kwa mbali, andika mahali, mpe taarifa mwenyekiti wa kijiji na polisi; kama ni ya kale, Idara ya Malikale ihusishwe. Namba iliyo mkiani au kwenye kibati cha injini, hata nusu yake, ndiyo kitu cha thamani kuliko bati lote. Ukiweza kuisoma bila kusogeza chochote, inakili kama ilivyo, pamoja na herufi usizozielewa.